Wanawake 27 wa Kawasaki na mtoto mmoja: uchambuzi wa kisa cha kuamsha ovari zilizolala

Desemba 2012, nchini Japani, alizaliwa mtoto ambaye vipimo vya mama yake havikuwa vimempa nafasi. Mama alikuwa na upungufu wa mapema wa ovari, hali ambayo kwenye faili huandikwa POI: hedhi imekatika kabla ya miaka 40, homoni ya FSH, inayozihimiza ovari kukuza mayai, imepanda kama ya mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, na ovari zimesinyaa. Ovari yake ilitolewa kwa upasuaji wa matundu madogo, ikakatwakatwa, vipande vikalowekwa dawa maabara kwa siku mbili, kisha vikarudishwa mwilini mwake. Yai lililozaa mtoto huyo lilikuwa lake mwenyewe.

Kazi hiyo ilifanywa Kawasaki, katika Chuo Kikuu cha Tiba cha St. Marianna, na Kazuhiro Kawamura pamoja na Bunpei Ishizuka, wakishirikiana na Aaron Hsueh wa Stanford, Marekani. Ilichapishwa 2013 katika jarida la PNAS. Kila kliniki inayotangaza leo kwamba "inahuisha ovari" inasimama kwa kiasi fulani juu ya mtoto huyu, hata pale ambapo tiba inayouzwa haifanani kabisa na aliyofanyiwa mama yake. Tangazo hutaja mtoto. Halitaji kwamba waliolala mezani walikuwa wanawake 27. Kilichotokea kati ya 27 na 1 ndicho kinachomfaa mwanamke anayefikiria tiba hizi, kwa hiyo tutakifuata hatua kwa hatua.

Kwanza: je, ni POI kweli?

Mambo matatu hutakiwa yakutane: umri chini ya miaka 40, hedhi iliyokatika au kuvurugika kwa miezi 4 au zaidi, na FSH iliyozidi IU 25 kwa lita. Zamani kila mgonjwa alipimwa FSH mara mbili kwa kupishana wiki 4 au zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa 2024, ulioandaliwa na vyama vya wataalamu wa uzazi, ESHRE ya Ulaya pamoja na ASRM ya Marekani na wenzao, unakubali kipimo kimoja, na cha pili kirudiwe palipo na shaka.

Shaka zipo nyingi, hasa Afrika Mashariki ambako sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hutumika sana. Aliyeiacha anaweza kukaa miezi mingi bila hedhi huku ovari zake ni nzima kabisa. Aliyetokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua, kisha maziwa yakakataa kutoka, huenda aliumia tezi ya pituitari. Huyo FSH yake haitapanda, na ovari hazina kosa. Aliyesafishwa kizazi zaidi ya mara moja, au aliyeugua kifua kikuu cha kizazi, anaweza kukosa hedhi kwa sababu kuta za ndani za mji wa mimba zimeshikana. FSH yake ni ya kawaida. Anayemeza vidonge vya homoni siku anayotolewa damu hupata FSH iliyoshushwa na vidonge, na jibu humdanganya daktari kwa upande wa pili. Na kabla ya yote hayo kuna kipimo cha mimba, ambacho hurukwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Yeyote kati ya hawa akidungwa kitu kwenye ovari, atakuwa ametibiwa mahali pasipouma.

FSH ikishathibitika, bado kuna vipimo vya kutafuta chanzo, na hapa ndipo haraka huumiza watu. Kipimo cha kromosomu kinaweza kufichua hali ya Turner. Mwanamke wa namna hiyo hatakiwi kubeba mimba, iwe ya yai lake au la kuchangiwa, kabla moyo na mshipa mkuu wa aota havijakaguliwa, maana mshipa huo unaweza kupasuka wakati wa ujauzito. Kipimo cha jeni ya FMR1 huangalia marudio ya CGG, herufi tatu za DNA: yakiwa kati ya 55 na 200, mwanamke yuko kwenye kundi ambalo takriban mmoja kati ya watano hupata POI. Kwa anayetaka kutumia yai lake mwenyewe habari hii ni nzito, kwa kuwa marudio hayo huweza kurefuka yanapopita kwa mtoto na kumletea ulemavu wa akili wa X dhaifu (fragile X). Halafu kuna kingamwili dhidi ya tezi ya adrenali. Tezi hiyo ikiwa inakufa kimyakimya na mgonjwa akapewa nusukaputi bila kujulikana, shinikizo la damu linaweza kuporomoka mezani. Tezi ya thairoidi nayo hupimwa. Baada ya yote haya, wengi hawapati chanzo kinachojulikana, na hilo lenyewe si dalili kwamba walipimwa vibaya.

Nini kinalala, na nini kinakiamsha

Mtoto wa kike huzaliwa na folikuli kati ya milioni 1 na 2. Akibalehe zimebaki laki 3 hadi 4, na anapokoma hedhi karibu na miaka 50 zimebaki kama 1,000. Kila folikuli ni yai moja lililozungukwa na seli za kulilea. Nyingi hukaa zimelala kwa miaka. Chache huamka kila siku na kuanza safari ya miezi kadhaa hadi kufikia ukubwa unaoonekana kwenye ultrasaundi.

FSH haina kazi mwanzoni mwa safari hiyo. Huanza kuhitajika kwenye hatua za mwisho, folikuli inapojaza maji. Ndiyo sababu mwanamke mwenye POI akichomwa sindano zilezile za kukuza mayai anazochomwa mgonjwa wa kawaida wa IVF (kutungisha mimba nje ya mwili), mara nyingi hakuna kinachotokea: damu yake tayari imejaa FSH, na kinachokosekana ni folikuli zilizofika hatua ya kuisikia. Dozi ikiongezwa, gharama huongezeka na ovari hubaki vilevile.

Katika POI folikuli zaweza kuwa zimekwisha kabisa, au zimebaki chache zilizolala ambazo haziamki zenyewe. Kawasaki ililenga hizi za pili, kwa kulegeza breki mbili.

Breki ya kwanza imo ndani ya yai. Protini ya PTEN huizuia njia ya PI3K na AKT, mfululizo wa ishara za ukuaji ndani ya seli, na protini nyingine, FOXO3, hukaa kwenye kiini cha seli ikilishikilia yai lisianze kukua. AKT ikiwaka, FOXO3 hutoka kwenye kiini na folikuli huamka. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba panya walioondolewa PTEN ndani ya mayai yao huamsha folikuli zote kwa mkupuo, kisha ovari zao hukauka wakiwa bado vijana. Kwa hiyo breki hii ina kazi yake. Anayeilegeza anatumia akiba, haiongezi.

Breki ya pili ni njia nyingine ya ishara iitwayo Hippo, ambayo katika viungo vingi huzuia tishu isikue kupita kiasi. Tishu ya ovari ikikatwa, nyuzi za aktini ndani ya seli hujipanga upya, Hippo huvurugika, na protini ya YAP huingia kwenye kiini na kuwasha vichocheo vya ukuaji. Madaktari wa uzazi walikuwa wameshaona matokeo ya jambo hili bila kujua sababu: mwaka 1935, Stein na Leventhal wa Chicago walieleza wanawake wenye ovari zilizojaa vivimbe vidogo ambao hedhi yao ilirudi baada ya kukatwa kabari ya ovari. Kisu kilikuwa kinaamsha folikuli miaka mingi kabla ya jina la Hippo kusikika.

Upasuaji wa kwanza, maabara, upasuaji wa pili

Mgonjwa hupewa nusukaputi na ovari hutolewa kwa laparoskopia. Maabara huchukua tabaka la nje, gamba la ovari, kwa kuwa folikuli zilizolala huishi humo; sehemu ya kati hukwanguliwa na kuachwa. Gamba hukatwa mikanda ya kama sentimita 1 kwa 1, unene milimita 1 hadi 2. Unene huo una maana. Mkanda ukiwa mnene, dawa ya kuzuia barafu haipenyi hadi katikati wakati wa kugandisha, na baadaye damu haifiki huko kabla seli hazijafa. Ukiwa mwembamba mno, folikuli hukwanguliwa pamoja na nyama.

Kipande kidogo hupelekwa kwenye hadubini ili kuonekana kama kuna folikuli. Mikanda iliyobaki hugandishwa kwa haraka katika nitrojeni ya maji, ili mgonjwa apone na jibu la hadubini lisubiriwe. Hapa tayari pana hasara: kugandisha na kuyeyusha huua sehemu ya folikuli, na mwanamke wa POI hana za kupoteza. Pia kipande kilichopimwa kinaweza kukosa folikuli huku mkanda wa jirani unazo, kwa sababu zilizobaki hukaa kwa mafungu na si kwa kutawanyika sawasawa.

Mikanda ikiyeyushwa, hukatwa tena vipande vya milimita 1 hadi 2. Hiyo ndiyo hatua inayovuruga Hippo. Kisha vipande hulowekwa siku mbili kwenye majimaji ya maabara yenye bpV(hopic), inayoizuia PTEN, na 740YP, inayoiamsha PI3K. Baada ya hapo huoshwa vizuri, maana dawa hizo hazitakiwi kuingia mwilini.

Upasuaji wa pili huvirudisha, si mahali pa ovari bali chini ya utando wa nje wa mirija ya uzazi. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu mirija ina damu ya kutosha, ultrasaundi ya kupitia ukeni hupaona vizuri, na sindano ya kuvuna mayai hupafikia. Siku za mwanzo vipande havina mishipa ya damu yake. Huishi kwa kinachopenya kutoka nyama ya jirani. Hapo ndipo folikuli nyingi hufa, na hakuna dawa inayozuia hilo kwa uhakika.

Kinachofuata kinamtaka mgonjwa awe karibu na kliniki kwa miezi. Homoni ya estrojeni na ultrasaundi hufuatwa kila wiki au kila wiki mbili. Folikuli ikianza kuonekana, FSH huchomwa kuikuza; ikikomaa huchomwa hCG, homoni inayolimalizia yai kukomaa, na saa 36 baadaye yai huvunwa. Saa hizo hazichezewi. Ukichelewa, folikuli imepasuka na yai limepotea tumboni. Ukiwahi, yai bado halijakomaa. Mbegu moja ya kiume hudungwa ndani ya yai, na kiinitete hugandishwa, kwa kuwa ukuta wa mji wa mimba wa mwanamke huyu haujaandaliwa. Huandaliwa baadaye kwa estrojeni, kisha projesteroni, na ndipo kiinitete kilichoyeyushwa huwekwa.

Anayekaa safari ya siku nzima kutoka kliniki yenye maabara hiyo hawezi kufuata ratiba hii, hata kama ada yote imeshalipwa.

Hesabu

Wanawake 27 walitolewa ovari. Kwa 13 hadubini ilionyesha folikuli zilizobaki. Walioota folikuli baada ya kupandikizwa walikuwa 8, wote kutoka hao 13. Waliovunwa yai lililokomaa walikuwa 5. Ripoti ilipochapishwa, mtoto aliyekwisha kuzaliwa alikuwa mmoja, kwa upasuaji, kwa kuwa alikuwa ametanguliza matako.

Wanawake 14 walipoteza ovari bila folikuli kuonekana ndani yake. Hilo ndilo jambo gumu zaidi katika kisa hiki, nalo halitokani na uzembe wa yeyote. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema kwa uhakika, kabla ya upasuaji, kwamba folikuli zilizolala zipo. AMH, homoni inayopimwa kukadiria akiba ya mayai, hutoka kwenye folikuli zilizokwisha kuanza kukua, zilizolala haziitoi. AMH isiyosomeka kwa hiyo haithibitishi kuwa ovari ni tupu, wala AMH ndogo inayosomeka haiahidi yai. Ishara iliyojitokeza katika kazi ya Kawasaki ni muda: kadiri hedhi ilivyokatika karibuni, ndivyo uwezekano wa kukuta folikuli ulivyokuwa mkubwa. Mwanamke aliyekaa miaka mingi bila hedhi anastahili kuambiwa hilo kabla ya kusaini.

Mwaka 2015 kundi hilohilo lilichapisha mfululizo wa wanawake 37. Waliokuwa na folikuli walikuwa 20. Zilikua kwa 9. Mayai 24 yalivunwa kutoka kwa 6. Mimba zilikuwa 3, moja ikaharibika, watoto wakazaliwa wawili. Wawili kati ya 37 ni asilimia 5.4.

Iweke tarakimu hiyo kando ya nyingine. Nchini Ufaransa, wanawake 358 wenye POI walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa 2011. Kwa 86 kati yao, yaani asilimia 24, ovari zilionyesha dalili za kurudi kufanya kazi kwa muda. Waliopata mimba bila kuamshwa ovari walikuwa 15, kama asilimia 4.

Haraka ya kusema "basi tiba haina faida" ingekuwa kosa. Makundi hayafanani: wengi wa Kawasaki walikuwa wamekaa miaka bila hedhi, na nafasi yao ya mimba ya asili huenda ilikuwa chini sana ya asilimia 4. Ila kusema "tiba inafanya kazi" ni kosa lilelile kwa upande wa pili, kwa kuwa hakukuwa na kikundi linganishi, yaani wanawake wa hali moja ambao nusu wametibiwa na nusu hawakutibiwa. Ugonjwa ambao ovari huzinduka zenyewe kwa mmoja kati ya wanne hauwezi kuhukumiwa bila kikundi hicho. Kila tiba iliyofuata inagota hapa.

Dawa au kisu?

Jambo moja katika matokeo ya Kawasaki lilitakiwa kuwashtua wasomaji mapema zaidi. Kwa baadhi ya wanawake folikuli zilionekana wiki chache tu baada ya kupandikizwa. Folikuli iliyolala kabisa huhitaji miezi mingi kufika hapo. Wanawake hao lazima walikuwa na folikuli zilizokwisha kuamka na kukwama njiani, na zilizokwama huguswa na ukataji unaovuruga Hippo. Dawa za AKT, ambazo kazi yake ni kuziamsha zilizolala, huenda hazikuwa na mchango mkubwa kwa wanawake hao.

Wakati huohuo shaka juu ya dawa zenyewe zikaongezeka. PTEN ni mojawapo ya protini zinazozuia saratani, na kuizima, hata kwa muda mfupi na nje ya mwili, si jambo la kufanywa bila tahadhari. Mwaka 2014, kikundi cha Evelyn Telfer huko Edinburgh kilionyesha kwamba gamba la ovari ya binadamu likilowekwa bpV, folikuli huamka, lakini zikitengwa na kulelewa peke yake hazidumu vizuri kama zisizoguswa. Kuamka na kukomaa salama ni mambo mawili.

Kutokana na hayo ikazaliwa njia isiyo na dawa: ovari, au sehemu yake, hutolewa, hukatwa vipande, na kurudishwa katika upasuaji uleule mmoja, bila kugandisha wala kuloweka. Faida zake ni za wazi: nusukaputi moja, hakuna siku mbili za maabara, hakuna hasara ya barafu. Ila haiwezi kuziamsha zilizolala sana, na inafaa zaidi kwa mwanamke ambaye ovari yake bado ina folikuli ndogo zinazotambulika. Anayeambiwa kwamba njia hii itamsaidia ilhali hedhi imekatika miaka kumi anapewa tiba ya mtu mwingine.

Plazma ya chembe sahani

Katika matangazo mengi, "kuhuisha ovari" si upasuaji wa Kawasaki hata kidogo. Ni PRP: damu ya mgonjwa huvutwa, huzungushwa kwenye mashine, sehemu yenye chembe sahani nyingi hutengwa, na mililita chache hudungwa kwenye kila ovari kwa sindano ya kupitia ukeni inayoongozwa na ultrasaundi. Kazi yote huisha siku moja. Wazo ni kwamba chembe sahani hubeba vichocheo vya ukuaji na vya kuotesha mishipa ya damu, na folikuli zilizokwama huenda zikavisikia.

Taarifa kubwa inayonukuliwa ilitoka Uturuki 2020: wanawake 311 wenye POI. Waliopata mimba wenyewe baada ya sindano walikuwa 23, asilimia 7.4. Folikuli zilionekana kwa 201 waliojaribu IVF, na 82 walipata viinitete. Namba hizi zinavutia, na kazi ya kuwafuata watu wengi hivyo inastahili heshima. Lakini hakukuwa na kikundi linganishi, na asilimia 7.4 haiko mbali na ile mimba ya asili ya Ufaransa kiasi cha kumaliza ubishi. Kisha 2024 yalichapishwa majaribio mawili yaliyogawa wagonjwa kwa nasibu, moja la Marekani na jingine la Hispania. Hayakuwa ya POI. Yalihusu wanawake ambao ovari zao hujibu sindano kwa unyonge. PRP haikuwaongezea faida. Kama haikuwasaidia wenye folikuli chache, anayeiuza kwa wasio nazo kabisa anabeba mzigo mkubwa wa kuthibitisha.

Kuna pia tatizo la ufundi ambalo wagonjwa hawaelezwi. "PRP" si dawa moja. Kasi ya mashine, idadi ya mizunguko, kiasi cha damu kilichovutwa, kama chembe zimeamshwa kwa kalisiamu au la, kiasi kilichodungwa: kila kliniki ina yake. Matokeo ya moja hayahamishiki kwa nyingine. Madhara ya kawaida ni maumivu. Ya nadra zaidi ni kutokwa damu ndani, maambukizi, na usaha. Ovari iliyosinyaa ni ngumu kulengwa, na sindano inaweza kupita pembeni bila yeyote kujua.

Seli shina zinasubiri zamu yao. Valencia, mwaka 2018, walieleza wanawake 17 waliopewa seli kutoka uboho wao wenyewe kupitia mshipa wa ovari. Baadhi walipata mimba. Nao walikuwa wa mwitikio hafifu, si wa POI iliyokamilika. Mwongozo wa 2024 haukubali tiba yoyote kati ya hizi itolewe kama huduma ya kawaida. Mahali pake ni ndani ya utafiti.

Utafiti una alama zake. Umeidhinishwa na kamati ya maadili, una namba ya usajili inayoweza kutafutwa, una fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa hubaki na nakala, na mgonjwa halipishwi ada kamili ya tiba ambayo bado inajaribiwa. Kliniki ikisema "tuna mafanikio asilimia 60", swali la kwanza ni: mafanikio gani? FSH kushuka? Folikuli kuonekana? Yai kuvunwa? Mtoto kufika nyumbani? La pili: kati ya wangapi walioanza? Kawasaki ingeweza kuandika "8 kati ya 13" na kusema kweli, na bado msomaji angebaki gizani.

Kwa nini wanawake huendelea kuitafuta

Njia yenye mafanikio makubwa kwa POI ni yai la kuchangiwa, na si siri. Lakini Japani, wakati wa kisa hiki, yai la kuchangiwa lilikuwa gumu kupatikana, na waliolitaka walilazimika kusafiri nje. Mwambao wetu una sababu yake. Wanazuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu yai la mwanamke mwingine kuingia katika ndoa, kwa ajili ya nasaba. Kwa mke anayefuata hukumu hiyo, kumwambia "tumia la kuchangiwa" na kufunga faili ni kumwacha mlangoni. Ana haki ya mazungumzo kamili: nafasi ya ovari kuzinduka yenyewe, hatari na udogo wa matumaini ya tiba za majaribio, malezi ya mtoto asiye wa kumzaa, na maisha ya wawili bila mtoto. Mume naye apimwe mbegu mapema. Ni kipimo cha bei nafuu, na kimewahi kugeuza mpango mzima.

Kinachotakiwa kufanyika hata kama hakuna mtoto anayetafutwa

Hapa ndipo kisa cha POI huharibiwa zaidi, kwa sababu macho yote yako kwenye mimba. Mwanamke wa miaka 30 asiye na estrojeni anapoteza mifupa na moyo wake unakosa kinga aliyotakiwa kuwa nayo kwa miaka 20 zaidi. Bila kizuizi cha kiafya kama saratani ya matiti, apewe estrojeni ya kutosha: estradioli ya kumeza miligramu 2 kwa siku au zaidi, au kibandiko cha maikrogramu 100. Dozi ndogo zinazotolewa kwa wanawake wa miaka 55 hazimtoshi. Mwenye mji wa mimba ni lazima aongezewe projesteroni, kwa mfano miligramu 200 kila usiku kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Estrojeni ikitolewa peke yake hunenepesha ukuta wa mji wa mimba na kuleta hatari ya saratani. Dawa huendelea hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi. Uzito wa mifupa hupimwa mwanzoni pale kipimo kipo.

Wengine huacha dawa hizi wakiambiwa zitazuia mimba. Si kweli. Homoni za kurudishia si vidonge vya kupanga uzazi. Hazizimi ovari inayotaka kuzinduka. Kwa dozi ya mzunguko wa kila mwezi, damu hutoka siku chache baada ya projesteroni kuisha. Mwezi ambao damu hiyo haikutoka, hata kama FSH ya mwaka jana ilikuwa 80, kipimo cha mimba kifanyike wiki hiyohiyo.